Mtakatifu Matia Mulumba: Mume Aliyesimama Imara Maisha Yalipogeuka



Ninyi mnaokaa kando ya Mto Tana mnajua jinsi maisha ya nyumba yanavyoweza kugeuka kwa usiku mmoja. Jioni mahindi yamesimama shambani, mpunga unachanua, na kuku wamelala. Asubuhi maji yamefika mlangoni, baba anatafuta mtumbwi na mama anahesabu watoto. Ilikuwa hivyo wakati wa mvua za El Nino za 1997 na 1998. Ikawa hivyo tena mwaka 2018, na tena mwishoni mwa 2023 hadi 2024. Mvua zikizidi huko milimani, na mabwawa 5 ya juu ya mto, kuanzia Masinga hadi Kiambere, yakijaa, sisi wa Garsen, Tarasaa na vijiji vya delta ndio tunaoyapokea maji. Ndugu zetu wafugaji nao walipigwa na ukame uliofikia kilele mwaka 2022, mtu akabaki na fimbo ya kuchungia bila ng'ombe. Na mwaka 2012 na mwanzo wa 2013 tulihamishwa na ugomvi wa sisi kwa sisi, jambo ambalo wengi bado wanalilia.

Maji yakipungua, serikali na wasamaria wema huleta unga na maturubai. Lakini kuna kitu kingine kinachobomoka ambacho hakuna lori linalokileta, nacho ni ndoa. Baba anakwenda Malindi au Mombasa kutafuta kibarua, na baada ya miezi michache tunasikia amepata nyumba nyingine huko. Mama aliyebaki na watoto anarudi kwao. Waliokuwa wakisali pamoja kila jioni sasa hawasali, kwa sababu kila mmoja anasema moyoni kwamba Mungu ametuacha. Wengine wanasema wazi kwamba ahadi za siku ya harusi zilikuwa za wakati ule wa neema, na sasa wakati umebadilika.

Leo, badala ya kuwapa maonyo mengi, nitawasimulia maisha ya mwanamume mmoja wa Afrika Mashariki. Maisha yake yaligeuka mara nyingi kuliko ya wengi wetu, naye akajifunza kusimama. Mnamtaja kila mnaposali litania ya Mashahidi wa Uganda. Ni Mtakatifu Matia Mulumba Kalemba. Nchini Uganda waumini humwomba kama msimamizi wa machifu na wa familia, na hata hapa Kenya, kule Thika, iko parokia yenye jina lake. Wengi tunamjua kwa kifo chake tu. Sisi wenye ndoa inatupasa kuyajua pia maisha yake ya nyumbani.

Mtoto aliyetekwa

Kalemba alizaliwa Busoga, mashariki ya Mto Nile, karibu mwaka 1836. Akiwa bado mtoto, wavamizi kutoka Buganda walimteka pamoja na mama yake. Hebu fikirini, ninyi wazazi, mtoto anayeondolewa katika lugha yake, ukoo wake na kaburi la babu zake, asijue kama ataliona jua la kesho. Hayo ndiyo mageuzi ya kwanza ya maisha yake, wala hakuyachagua.

Huko Buganda alinunuliwa na mtu aliyeitwa Magatto, ndugu wa karibu wa Mukasa, ambaye baadaye alikuwa Katikiro, yaani waziri mkuu wa Kabaka. Magatto hakumtendea kama mtumwa. Alimlea kama mwana wake wa kumzaa, akamwingiza katika ukoo wake. Inasimuliwa kwamba mzee huyu alikuwa na hamu ya kumjua Mungu wa kweli, na kwamba kabla ya kufa aliwausia watoto wake wawe tayari kuyapokea mafundisho ya kweli yatakapokuja. Kalemba aliushika wosia huo.

Wapendwa, liangalieni jambo hili. Mtoto aliyepoteza kila kitu alipata kusimama tena kwa sababu mtu mmoja alimfungulia mlango. Katika nyumba zetu wamo watoto wa ndugu waliofariki, watoto waliokuja na mama kutoka ndoa ya kwanza, watoto waliopotezana na wazazi wakati wa mafuriko. Baba, usimhesabie mtoto huyo sahani ya wali. Mama, usimpe kazi ambazo mtoto wako wa kumzaa hazifanyi. Hujui kama unamlea mtakatifu.

Mtu aliyetafuta

Kalemba alipokuwa mtu mzima aliingia katika utumishi wa chifu wa jimbo la Ssingo, akapanda cheo mpaka akawa msimamizi wa kazi zote za nyumba ya chifu. Jina la Mulumba linatokana na cheo hicho. Alikuwa mtu wa nguvu, mwenye heshima na mali, na kama wakubwa wengine wa wakati ule alikuwa na wake kadha.

Lakini moyo wake haukutulia. Katika siku za Kabaka Mutesa dini ya Kiislamu ilifundishwa katika Buganda, naye akaipokea. Baadaye wakaja wamisionari wa Kianglikana, akawasikiliza, hasa Mackay. Mwaka 1879 wakafika Mapadre Weupe, miongoni mwao Padre Lourdel. Kalemba akawaendea hao pia, akapima, akauliza, na mwaka 1880 akajiandikisha kuwa mkatekumeni.

Sisi wa Tana River tunaweza kuelewa safari hiyo kuliko wengi. Katika familia moja hapa utamkuta shangazi Mwislamu, mjomba Mmethodisti, na binamu Mkatoliki, na wote hukutana kwenye matanga na harusi. Mulumba hakuwatukana wale aliotoka kwao. Aliacha njia moja na kufuata nyingine kwa sababu alikuwa akitafuta ukweli, akiongozwa na wosia wa mzee wake. Basi nanyi mliooana kwa ndoa ya mseto, mkiwa mmepata ruhusa ya askofu kama Kanisa linavyotaka, msiifanye dini kuwa fimbo ya kupigana usiku. Mkatoliki na aishi imani yake kwa unyofu mbele ya mwenzake, asali, afunge, asamehe. Ushuhuda wa namna hiyo husikika hata na asiyetaka kusikia.

Mke mmoja

Sasa tunafika mahali pagumu. Mulumba alipoamua kubatizwa, alijua kwamba Mkristo ni mume wa mke mmoja. Katika nchi ile wake wengi walikuwa heshima ya mtu. Walilima, walipika, walipokea wageni wa bwana mkubwa. Kuwaacha kulimfanya aonekane maskini na mjinga. Hata hivyo aliwaacha, akabaki na mke mmoja tu, aliyeitwa Kikwabanga. Jumapili ya Pentekoste, tarehe 28 Mei 1882, alibatizwa pamoja na rafiki yake Luka Banabakintu, akaitwa Matia.

Watu walimcheka. Maneno yalienea mpaka kwa wakubwa kwamba Mulumba amefukuza wake zake na sasa anajipikia mwenyewe. Alivumilia. Mtu aliyezoea kuinamiwa alijifunza upole.

Hapa nataka kusema na wewe, baba. Shida inapokuja, shetani hukuambia kwamba mke wa pili atakupunguzia mzigo. Utasema huyu wa kwanza yuko kambini Minjila na mimi niko Malindi, nani atanipikia? Mtakatifu Matia alijibu swali hilo kwa maisha yake. Afadhali mwanamume ajipikie ugali wake kuliko kulivunja agano lake. Mkono ulioshika jembe na kasia hauvunjiki kwa kushika mwiko.

Lakini nataka pia kusema na wale ambao tayari wana wake wawili au watatu na wanatamani ubatizo, maana wapo miongoni mwetu, na swali lao ni zito. Wasidhani kwamba Kanisa linawaambia wamtupe mwanamke nje kama chungu kilichopasuka. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1148, yasema kwamba mwanamume asiyebatizwa mwenye wake kadha wasiobatizwa, akibatizwa, na kama ni vigumu kwake kubaki na yule wa kwanza, anaweza kubaki na mmoja wao baada ya kuwaachilia wengine, na ndoa hiyo ifungwe kwa utaratibu wa Kanisa. Kanuni hiyohiyo yamtaka askofu ahakikishe kwamba mahitaji ya mke wa kwanza na ya wale wengine walioachiliwa yanatimizwa ipasavyo, kwa kufuata haki, upendo wa Kikristo na uungwana.

Maana yake ni nini hapa kwetu? Ni kwamba kabla ya kuyaendea maji ya ubatizo, keti na wazee na katekista wako, mweleze paroko, na mpange. Mama yule atakaa wapi? Shamba lipi la mtoni ni lake? Karo ya watoto italipwa na nani? Watoto hao ni wako hata baada ya ubatizo, na mama yao asiaibishwe kisimani. Aliyezaa na kulima nawe miaka 15 ana haki juu yako mbele ya Mungu. Ubatizo unaoanza kwa kumdhulumu mjane wa mume aliye hai si mwanzo mwema. Ukiona jambo hili linachukua muda, subiri na uendelee na mafundisho. Matia naye alisubiri karibu miaka 2 kabla ya kubatizwa.

Nawe, mama, uliyebaki kuwa mke pekee, usijivune juu ya mwenzako aliyeondoka. Mpelekee kibaba cha mchele. Watoto wake na wako ni ndugu, nao watazikana.

Nyumba bila padre

Miezi 6 tu baada ya ubatizo wa Matia, yaani Novemba 1882, Mapadre Weupe waliondoka Buganda kwa sababu ya hatari, wakakaa ng'ambo ya ziwa mpaka Julai 1885. Karibu miaka 3 Wakristo wale wachanga hawakuwa na Misa wala kitubio. Wengi wangetawanyika. Lakini walei walisimama. Ikuluni alikuwapo Yosefu Mukasa Balikuddembe, kwingine Andrea Kaggwa, na huko Mityana, kiasi cha kilomita 70 magharibi ya Kampala, walikuwapo Matia na Luka. Nyumba zao ziligeuka kuwa mahali pa sala na mafundisho. Wakristo wa Mityana wakaongezeka badala ya kupungua. Mmoja wao alikuwa Noa Mawaggali, mfinyanzi.

Kwetu pia, barabara inapokatwa na maji, padre hawezi kufika kigangoni hata kwa majuma kadha. Je, sala hukoma? Nyumba yenye baba na mama wanaosali ni kanisa dogo. Msingoje kengele. Jioni, hata ikiwa ni chini ya turubai, baba aanze kwa ishara ya msalaba, mtoto mmoja asome au asimulie Injili, mama aongoze kumi moja la rozari, na kila mtu ataje jambo moja la kushukuru. Ni dakika 15. Nimeona familia ambazo hazikuokoa hata sufuria, lakini zilitoka kambini zikipendana zaidi kuliko zilivyoingia, na ukiuliza sababu utaambiwa ni sala hiyo ya jioni.

Majaribu ya mwisho

Mutesa alikufa mwaka 1884, na mwanawe Mwanga akawa Kabaka. Mwezi Novemba 1885 Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa. Mei 1886 mateso makubwa yakaanza.

Hebu tukumbuke kwamba mwezi uleule wa Mei 1886 damu ilimwagika hata kwetu. Huko Golbanti, si mbali na Garsen, wamisionari wa Kimethodisti John Houghton na mkewe Annie waliuawa katika uvamizi. Hawakuwa Wakatoliki, lakini walikuwa mume na mke waliobatizwa, na wazee wa mtoni bado wanalitaja jina lao. Mwezi mmoja, Wakristo wenye ndoa walijaribiwa hadi kufa kando ya Tana na kando ya Ziwa Victoria, bila kujuana.

Matia hakukimbia. Alijitoa pamoja na Luka, wakafungwa na kupelekwa mbele ya Katikiro Mukasa. Kumbukeni kwamba huyo Katikiro alikuwa mtu wa ukoo wa Magatto, ukoo uleule uliomlea Matia. Aliyepaswa kumtetea ndiye aliyemhukumu. Akamdhihaki kwa habari ya kuwaacha wake zake na kujipikia chakula. Matia akamwuliza kama amekamatwa kwa sababu ya wembamba wake au kwa sababu ya dini yake.

Ilikuwa tarehe 27 Mei 1886. Wengine walipelekwa Namugongo, lakini Matia aliuawa njiani, mahali panapoitwa leo Old Kampala. Walimkata viungo na kumtesa kwa namna ambayo sitaieleza kwa sababu ya watoto wanaosomewa ukurasa huu. Kisha wakamwacha peke yake juani, bila maji, na inakadiriwa kwamba alikufa tarehe 30 Mei. Kesho yake, huko Mityana, Noa mfinyanzi aliuawa, nyumba za Wakristo zikaporwa, na wanawake na watoto wakatekwa. Luka alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni, siku tunayoiadhimisha kila mwaka. Tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi hao 22 kuwa watakatifu.

Tunajifunza nini?

Tazameni maisha haya kwa jumla. Mulumba alibadilishiwa nchi, ukoo, lugha, kazi, dini, mali, na mwishowe uhai wenyewe. Katika hayo yote alikuwa akitafuta jambo moja, na alipolipata hakuliachia tena. Bwana wetu alifundisha juu ya mtu aliyejenga juu ya mwamba na mwingine juu ya mchanga. Mtu wa mtoni haitaji kuelezwa mfano huo. Mto Tana umewahi kuhama njia yake, na wazee watawaonyesha mabonde makavu ambako zamani mitumbwi ilipita. Aliyejenga akiutegemea mto ubaki mahali pake alidanganyika. Vivyo hivyo anayejenga ndoa yake juu ya mavuno, mifugo, mshahara au uzuri wa mwenzake, anajenga juu ya vitu vinavyohama.

Msidhani kwamba kusimama imara ni kukataa mabadiliko. Mkihitaji kuhamia mahali palipoinuka, hameni. Mkihitaji kuacha kilimo cha mtoni na kufanya biashara ndogo Garsen mjini, fanyeni. Lakini mwamue pamoja, mke na mume, baada ya kusali. Baba akilazimika kwenda mbali kutafuta kazi, wapange siku ya kurudi, na asipeleke fedha tu, apeleke na habari zake. Simu ya usiku ya dakika 5, na mwisho wake mkasali Baba Yetu pamoja, imelinda ndoa nyingi.

Na mmoja wenu akiwa ameanguka, ameoa huko alikokwenda, au amekata tamaa na kuacha sala, asione kwamba mlango umefungwa. Matia mwenyewe alitoka mbali. Njoo kwa paroko, njoo kwa katekista. Mume anayerudi apokelewe kwa ukweli na kwa subira, na mke aliyeumizwa apewe muda wa kusema maumivu yake bila kukatizwa.

Kwa mazungumzo ya nyumbani

Juma hili, watoto wakishalala, kaeni wawili na mwulizane haya kwa utulivu:

1. Ni badiliko gani katika maisha yetu lililotuumiza zaidi, na je, tuliwahi kulizungumzia tukalimaliza?
2. Katika shida, mimi hukukimbilia wewe, au hukukimbia?
3. Je, yuko mwanamke au mtoto aliyeumizwa na uamuzi wetu, ambaye bado tuna deni la haki kwake?
4. Ni saa ngapi, kuanzia kesho, tutasali pamoja?

Mwishoni, shikaneni mikono na mwombe kwa maombezi ya Mtakatifu Matia Mulumba, ili Mungu awajalie kubaki pamoja maji yakipanda na maji yakishuka.